Mtoto wa Madam Mgongoni

Kwetu Usambara hakuna mtu anayepanda mlima kwa kupenda. Mlima unaupanda kwa sababu shamba liko juu, au shule, au nyumba ya wakwe zako, na unaushuka kwa sababu zahanati iko chini. Ukimwona mtu anapanda mikono mitupu, hana mzigo wala shughuli, utajiuliza kama ana akili timamu. Kwa hiyo madam aliponiambia kwamba Ijumaa tutakwenda Hatta, nje ya Dubai, kupanda mlima, mimi na yeye na sir na watoto, nilimwuliza tunakwenda kumwona nani. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini, akampigia dada yake simu amsimulie.

Sikukasirika. Siku zile nilikuwa namchekea madam kwa kila kitu, maana nilikuwa na haja naye. Nilitaka likizo.

Nilianza kazi kwao wakati mtoto wao wa pili, mvulana, hajatimiza hata arobaini. Walikuwa watu wa Sham, Waarabu wa huko Syria, wageni Dubai kama mimi, ila pasi zao za kusafiria zilikaa kwenye droo yao na yangu nayo ilikaa kwenye droo yao. Sir alikuwa mtu wa kompyuta, na ofisi yake ilikuwa ng'ambo ya barabara tu, hapo hapo Silicon Oasis tulipoishi. Madam alifanya kazi benki, mbali, akitoka asubuhi na kurudi jua limezama. Alirudi kazini mtoto angali mchanga kabisa. Aliacha maziwa yake kwenye friji, ndani ya chupa, na mimi ndiye niliyebaki na chupa na mtoto.

Wangu nilikuwa nimemwacha. Binti yangu nilimwachia mama yangu mzazi akiwa ndiyo kwanza ameanza kukimbia, na siku ya kuondoka nilitokea mlango wa uani ili asinione. Mkataba ulisema kila baada ya miaka miwili nitakwenda nyumbani. Ilipotimia ile ya kwanza, madam alisema mtoto bado mdogo, nivumilie kidogo. Nikavumilia. Kisha kazi zikazidi benki, nikavumilia tena. Sasa binti yangu alikuwa anaingia darasa la kwanza, na mama aliniambia kwenye simu kwamba watoto wenzake wakimwuliza mama yake yuko wapi, anawajibu yuko ndani ya simu ya bibi. Mama alilisema hilo akicheka. Mimi nilikwenda kukaa bafuni mpaka nilipoweza kutoka.

Basi nilipomwomba madam ruhusa, alinijibu, "Tukitoka mlimani tutaongea, inshallah." Nikajua kwamba mlima ule ndio mtihani wangu, nikaapa sitakosea hata kitu kimoja.

Lakini lazima niseme habari ya kanga, kwa sababu bila hiyo mengine hayaeleweki. Mtoto yule nilimlea mgongoni. Sikujua namna nyingine. Kwetu mtoto akilia unainama, unamlaza mgongoni, unapitisha mbeleko, unafunga kifuani, unaendelea na kazi zako. Akiwa na usingizi atalala, akiwa na gesi itatoka. Niliwapikia wali naye yuko mgongoni, nikapiga pasi mashati ya sir naye yuko mgongoni. Mbeleko yangu ilikuwa kanga ya korosho, ya buluu, imepauka kwa kufuliwa. Binti yangu aliilalia kabla yake, na ndiyo maana niliipakia kwenye begi siku ninatoka nyumbani.

Siku moja madam alirudi mapema akatukuta hivyo jikoni. Hakupiga kelele, si mtu wa kelele. Alisema taratibu kwamba mtoto si mzigo, kwamba miguu yake itapinda, na kwamba hataki kukiona tena kile kitambaa kwa mwanawe. Nikasema ndiyo, madam. Na kweli hakukiona tena. Yeye akishatoka na kufunga mlango, kanga nayo inatoka kwenye begi, maana mtoto alishazoea na mimi nilikuwa na kazi za kufanya. Miguu yake ilinyooka vizuri tu, kama ya baba yake.

Nilikuwa na rafiki Mkenya, yaya kwenye jengo la jirani. Yeye aliwasukuma watoto wa kwao kwenye kigari na hakuwaita kwa jina la mapenzi hata siku moja. Aliniona asubuhi moja nimeshuka kutupa takataka na mtoto mgongoni.

"Aki dada, unajitafutia shida," akaniambia. "Huyo si wako. Wewe fanya job, ikiisha, basi. Ukimzoea utaumia, na yeye ataumia."

"Nikimweka chini analia."

"Si alie? Wangu wanalia na bado wanakua."

Nilimwona ana roho ngumu. Siku hizi nikimkumbuka nadhani alikuwa ameshaumia mahali, kwa mtoto wa mtu mwingine, kabla sijajuana naye.

Mlima wenyewe haukuwa mkubwa. Kwetu tungeuita kilima, na tungekuwa tumeusifu. Ulikuwa lundo la mawe ya rangi ya kutu nyuma ya bwawa la Hatta, njia imepita ubavuni mwake, na mawe mengine yamepakwa rangi nyeupe kuonyesha pa kupita. Niliposhuka garini nilitafuta jani. Migunga michache ilisimama huko chini kwenye korongo kavu, na mbuzi waliokuwa wanaitafuna. Zaidi ya hapo hakuna. Hakuna mgomba, hakuna mto, hakuna moshi wa jiko la mtu. Nilijisikia vibaya, kama nimeletwa kutazama maiti.

Madam alikuwa amewanunulia watoto viatu vya mlimani vyenye kamba nyekundu. Mimi alinipa raba zake za zamani, zikanibana vidole. Begi la chakula nililibeba mimi: mikate, jibini, tende, na mayai ya kuchemsha niliyoyafunga ndani ya kanga ili yasipondeke. Niliichukua kanga kwa ajili ya mayai. Hata leo nikiambiwa niape nitaapa.

Kabla hatujaanza, madam aliwasimamisha watoto mbele ya gari akawapa sheria. Leo hakuna kubebwa. Kila mtu kwa miguu yake, kupanda na kushuka. Alikuwa amesoma mahali kwamba watoto wa mjini wanalelewa kwenye lifti na viyoyozi mpaka wanakuwa laini kama mkate, na aliogopa wake wasije wakawa hivyo. Kisha akanigeukia.

"Na wewe usimbebe. Akilia, mwache alie. Umeelewa?"

"Ndiyo, madam."

"Yalla," sir akasema, na tukaanza.

Binti yao, msichana wa darasa la pili, alitangulia na baba yake, wanashindana kuona alama nyeupe. Madam alikuwa katikati. Mimi na mvulana, ambaye alikuwa bado hajafika miaka minne, tulikuwa nyuma. Mwanzo alitembea vizuri. Aliokota vijiwe akavitia kwenye mfuko wa gauni langu, na kila kijiwe alinieleza kwa nini amekichagua. Jua lilipopanda aliacha kuokota. Ilikuwa majira ya baridi, lakini jua la kule haliulizi majira, na mawe yale yakishapata moto yanaurudisha usoni. Akaanza kunivuta gauni.

"Nibebe," akasema kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili chetu cha jikoni.

"Tembea, baba. Tunakaribia."

"Kidogo tu."

"Mama yako anatutazama."

Akamwangalia mama yake, akanyamaza, akatembea. Iliniuma kuona mtoto mdogo kiasi kile ameshajua kwamba kuna mambo hayafanyiki mbele ya mama yake. Lakini nilikuwa na likizo yangu ya kuilinda, na nilitazama mbele.

Tulifika juu. Kulikuwa na upepo, na chini maji ya bwawa yalionekana ya kijani, yamekwama katikati ya mawe. Madam alikuwa na furaha ambayo sijapata kumwona nayo nyumbani. Nywele zimemtoka kwenye kibanio, mashavu yamemwiva. Alimbusu mwanawe akamwita shujaa wake. Aliniomba niwapige picha wote wanne, nikawapiga nyingi, na katika zote mvulana anatazama pembeni ya simu, ananitazama usoni mimi niliyeishika.

Tulipokula, madam aliniita nikae karibu naye. Akanipa tende kwa mkono wake.

"Umefanya vizuri leo," akasema. "Mama yangu anakuja mwezi wa tatu. Akifika, wewe nenda nyumbani, mwezi mzima. Nimeshaongea na sir. Tiketi juu yetu."

Sir alitikisa kichwa kukubali, mdomo umejaa mkate.

Nilisema ahsante, madam, Mungu akuweke, nikasema mara nyingi mpaka akaniambia basi. Sijui nilikula nini baada ya hapo. Kwa mawazo nilikuwa nimeshafika Satwa, kule Dubai kwenye maduka, ninachagua begi la shule lenye magurudumu, ninachagua viatu vyeusi. Nikiwa katikati ya viatu nikagundua kwamba sijui mguu wa mwanangu umefika wapi. Niliujua mguu wa yule mvulana, maana ni mimi niliyemvalisha asubuhi. Wa mwanangu sikuujua.

Maji yaliisha hapo juu. Chupa nyingine sir aliziacha kwenye gari, na mimi sikumkumbusha, kwa sababu kwetu hakuna anayepandisha maji mlimani. Maji yanatoka huko huko. Kisha binti yao akasema amebanwa na haja, na hakutaka kujisaidia nyuma ya jiwe. Sir akamshika mkono wakashuka mbio mbio kwenda vyoo vya chini. Tukabaki watatu, mimi na madam na mvulana aliyechoka.

Kushuka ndiko kubaya, mtu yeyote wa milimani atakwambia. Kokoto zilikuwa zinateleza chini ya viatu kama mahindi yaliyomwagika sakafuni. Viatu vipya vilikuwa vimemchubua mtoto visigino. Akakaa chini. Mama yake akamwambia kwa Kiarabu ainuke, akainuka. Akakaa tena, akainuliwa, akapiga hatua chache, miguu ikateleza, kidevu kikagonga jiwe. Halikuwa jeraha kubwa, lakini kidevu kina damu nyingi, na mtoto akiona damu yake mwenyewe hakuna cha kumwambia.

Madam alimnyakua akambeba mbele, kifuani. Mimi nilisimama mikono imening'inia, kwa sababu niliambiwa nisibebe. Ukimbeba mtoto mbele kwenye mteremko huoni miguu yako. Yule mtoto naye alikuwa anarusha mateke, amejipinda mgongo. Madam akateleza akaanguka kitako, akainuka. Akaenda kidogo, akateleza tena, na mara hii ilikuwa upande wa ukingo, pale njia inapoachana na mlima na chini ni korongo. Nilimdaka kwa nyuma ya nguo yake. Tukabaki tumeshikana pale. Mtoto akanyoosha mikono yote miwili juu ya bega la mama yake.

"Nibebe mgongoni," akaniambia. "Yeye hajui."

"Anasema nini?" madam akauliza.

"Anasema amechoka, madam."

Alinikazia macho. Alijua nimepunguza. "Mwambie mama yuko hapa."

"Mama yuko hapa, baba," nikamwambia.

"Sitaki."

Hilo halikuhitaji mkalimani.

Ningeweza kumshika madam mkono tukashuka polepole, mtoto analia mpaka chini. Labda tungefika. Labda mwezi wa tatu ningepanda ndege na zawadi zangu. Nimeipima ile labda mara nyingi sana, na sijapata uzito wake. Nilichokiona wakati ule ni ukingo, na viatu vya madam, na damu inayodondokea kwenye mawe. Nikafungua begi, nikamwaga mayai yaliyobaki, yakabingirika mpaka korongoni. Nikaikung'uta kanga. Nikainama.

Kilio kilikatika kama mtu amefunga bomba. Mtoto aliteremka mikononi mwa mama yake akaja mwenyewe. Akaweka kifua chake mgongoni kwangu, akaachanisha miguu kiunoni, akaruka kidogo kunisaidia kumpandisha, kama alivyozoea jikoni. Mikono yake akaiingiza ndani ya kanga bila kuambiwa, kichwa akakigeuza, akalaza shavu upande wake ule ule wa siku zote. Akashusha pumzi. Sijamaliza kufunga fundo, ameshalala, damu ya kidevu chake inanilowesha shingoni.

Mtoto anayebebwa mgongoni kwa mara ya kwanza hafanyi hivyo. Anaogopa, anajikaza, anakuvuta nywele. Kwetu mwanamke yeyote angeliona jambo hilo mara moja. Nilidhani linaonwa na sisi tu. Nilipoinua uso, madam alikuwa amesimama pale pale, mikono yake bado imekaa kama imeshika mtoto, na hapo nikajua likizo yangu imekwenda.

"Tushuke, madam," nikasema. "Nishike hapa kwenye begi."

Hakunishika. Alitembea nyuma yangu njia nzima. Nilizisikia kokoto chini ya viatu vyake, zinasimama, zinaendelea. Nilitaka kugeuka, lakini ukiwa na mtoto mgongoni na mawe yanateleza hugeuki.

Chini sir alitupokea kwa kicheko. Akatoa simu apige picha. "Mtazameni, amekuwa Mwafrika," akasema. Madam alimwambia aiweke hiyo simu, kwa sauti ambayo hata binti yao aliacha kuruka. Ndani ya gari, baada ya muda mrefu, aliniuliza bila kugeuka.

"Tangu lini?"

"Tangu mdogo, madam."

"Nilikukataza."

"Ndiyo, madam."

Mtoto aliamka kwenye mzunguko wa barabara, akaona amefungwa mikanda kwenye kiti chake na mama yake yuko ubavuni. Alinitafuta kwa macho mpaka akaniona kiti cha nyuma kabisa. Madam alimvuta kichwa akakiegemeza kifuani kwake, naye akawa mgumu kama ubao. Mimi nilitazama mchanga dirishani. Mjinga mimi, bado nilikuwa najipa moyo kwamba mwezi wa tatu aliutamka mbele ya sir, na mtu mzima hali matapishi yake.

Usiku huo na uliofuata mtoto alilazwa chumbani kwa mama yake. Jumapili madam hakwenda kazini. Sir alimpeleka mvulana chekechea na msichana shule, nyumba ikawa kimya, nami nikaitwa jikoni. Pasi yangu ilikuwa mezani, na karatasi ya tiketi juu yake.

"Ulitaka kwenda nyumbani," madam akasema. "Nenda."

"Nirudi lini, madam?"

"Khalas. Basi."

Haki yangu alinipa yote, sitamsingizia. Niliomba kitu kimoja tu, nimsubiri mtoto arudi chekechea nimuage. Akasema hapana, ni bora asione. Nilifungua mdomo kumbishia, nikakumbuka mlango wa uani kwa mama yangu, nikaufunga.

Chumba changu kilikuwa kile kidogo kando ya jiko, kinachotosha kitanda na mtu mmoja mwembamba. Nilikuwa nakunja nguo madam alipokuja kusimama mlangoni.

"Kile kitambaa," akasema. "Kiache."

"Kanga yangu?"

"Tangu Ijumaa mtoto halali."

Nilijua. Nilimsikia akilia ng'ambo ya ukuta. Nilitaka kumwambia aende Satwa akajinunulie kitambaa chake, vimejaa. Nilitaka kumwambia kwamba hiki kina jasho la mtoto wangu kabla ya wake. Maneno yote yalikuja mdomoni yakapanga foleni. Nikampa.

Hakuondoka. Alikigeuzageuza mkononi, akatazama sakafu. "Nionyeshe," akasema.

Akaleta mto wa kochi. Tulisimama jikoni mbele ya friji, na madam wa benki, akiwa na sketi yake ya kazini aliyoivaa bila kwenda kazini, akainama. Nikauweka mto mgongoni kwake. Nikamwambia ainame zaidi, asiogope, mtoto anajishika mwenyewe. Nikampitishia kanga chini ya kwapa, nikamwambia avute, akunje, achomeke. Aliponyooka mto ukaanguka. Tukarudia, ukaanguka. Tukarudia tena, mto ukakaa, akasimama pale ameshika fundo kwa mikono miwili.

"Hivi?"

"Hivyo, madam."

Alikuwa analia. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilitamani alie zaidi.

Rafiki yangu Mkenya alinikuta chini nasubiri teksi. Aliona begi, akaelewa. Nilingoja aseme alinionya, hakusema. Alinisaidia kupakia. "Enda salama," akasema. "Huko kwenu salimia wako." Kisha akarudi kwenye kigari chake.

Nyumbani nilimkuta binti yangu amerefuka. Aliniamkia shikamoo kama anavyowaamkia wageni wa kanisani na msikitini wanaopita kuomba michango, kisha akasimama nyuma ya bibi yake. Viatu nilivyonunua uwanja wa ndege kwa kukisia vilimpwaya. Akinitaja kwa wenzake aliniita mama wa Dubai. Nilijiambia atazoea. Nilimwogesha, nilimsuka, nililala naye kitanda kimoja, na kila asubuhi nilimkuta amehamia kwa bibi.

Mvua za masika zilipoanza akashikwa na homa. Asubuhi mwili ulikuwa unachoma, macho hayafunguki vizuri, na zahanati kwetu iko chini bondeni, njia ya udongo mwekundu unaonata na kuteleza. Nilichukua kanga ya mama, nikainama mlangoni.

"Njoo, mwanangu. Mama akubebe."

Hakuja. Nilimwinua mwenyewe nikamlaza mgongoni. Akajikaza mwili mzima. Akanivuta nywele. Nilijaribu kumpitishia kanga, akajisukuma kwa mikono yake ya homa mpaka karibu tuanguke wote wawili.

"Bibi anibebe," akasema. "Wewe hujui."

Mama yangu ana magoti mabovu. Hata ndoo nusu ya maji tulikuwa hatumruhusu. Alinitazama. Akaegemeza fimbo yake ukutani, akainama. Binti yangu akaweka kifua, akaruka kidogo kumsaidia. Akaingiza mikono ndani, akageuza kichwa, akalaza shavu. Fundo halijafungwa, ameshalala.

Tukaanza kushuka. Mama mbele, fimbo mkononi, anapima kila hatua. Mimi nyuma, nimeshika viatu vyeusi vya mtoto. Kila mama alipoteleza nilinyoosha mikono, na haikuwa na pa kushika. Niliutazama ule mguu mdogo unaoning'inia nje ya kanga, nikajua madam alikuwa anatazama nini siku ile Hatta, njia nzima, nyuma ya mgongo wangu. Sikumsamehe kwa hilo. Nilijua tu.

Kwenye kona ya mwisho mama alisimama avute pumzi.

"Mama, nipe mimi," nikasema. "Umechoka."

"Mwache," akasema. "Ukimtoa ataamka."

Tukaendelea kushuka.